Nguvu ya Gari Si Ruhusa

Kuna fikira iliyoota mizizi miongoni mwa watu wanaozuru mbuga, nayo ni kwamba gari lililoundwa kupita pasipo barabara lina haki ya kupita pasipo barabara. Fikira hii ni potovu, na yafaa ing'olewe. Ukali wa panga haumpi mtu haki ya kukata mgomba wa jirani. Wala nguvu ya magurudumu manne haimpi dereva haki ya kuponda nyasi za nchi.

Mtu akisimama Kimandolu, upande wa mashariki wa jiji la Arusha, huona magari ya safari yakipita. Mafundi wa jiji hili huyarefusha, huyaongezea viti, na hukata mapaa yapate kuinuka ili wageni wasimame na kutazama. Huu ni ufundi wa kusifiwa, na jamaa nyingi hupata riziki kwao. Walakini chombo chema huweza kutumiwa vibaya. Gari likiacha njia kumfuata simba, magurudumu huvunja nyasi na kushindilia udongo. Mvua ikinyesha, maji hufuata mfereji ule. Na dereva wa pili, akikwepa tope, hufungua njia nyingine ubavuni.

Wala wanyama hawasalimiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Masai Mara, Kenya, ulionyesha kwamba duma wa mahali penye watalii wengi walikuza kwa wastani watoto 0.2 katika kila uzazi, hali wale wa mahali penye watalii wachache walikuza zaidi ya 2. Amsongaye duma kwa kumpenda, humpenda kama fisi apendavyo mbuzi.

Wako watakaosema kwamba mgeni ametoka mbali na amelipa fedha nyingi. Hoja hii ina kasoro mbili. Kwanza, ada ya lango hununua ruhusa ya kuingia kwa masharti, hainunui nchi. Pili, kanuni za hifadhi za taifa za Tanzania hukataza gari kuacha barabara. Mgeni amsukumaye dereva kwa ahadi ya bakshishi hurudi kwao na picha. Dereva akikamatwa hubaki na adhabu, na pengine bila kazi. Je, hiyo ni starehe, au ni uonevu uliovikwa kofia ya jua?

Jibu liko mashariki ya Kimandolu, chini ya Mlima Meru. Hifadhi ya Arusha ilianza mwaka 1960 kwa Kreta ya Ngurdoto, na wageni hawaruhusiwi kushuka ndani ya kreta hiyo. Gari jipya lenye nguvu na gari kuukuu husimama sawasawa ukingoni, na nyati hulisha chini pasipo kusumbuliwa. Macho hufika magurudumu yasipofika, na thamani ya mahali haipungui kwa hayo.

Septemba 1961, katika mkutano wa Arusha, ilitolewa ahadi ya Julius Nyerere ya kuwatunza wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo. Askari wa hifadhi hawawezi kuitimiza peke yao. Wenye kampuni na waandike katika mikataba kwamba dereva akataaye kuacha njia hatapoteza ujira wala kazi. Na mgeni aambiwe hayo kabla ya kupanda gari. Asiyekubali, na atafute starehe nyingine.