Nina sukari, na majibu bado

Mwezi huu nakuandikia kutoka Mvumi, nyumbani kwa mama, kama kilomita 40 hivi kutoka Dodoma mjini. Nilikuja kupumzika siku kumi na binti yangu. Siku ya nne nikaambiwa nina kisukari.

Najua unachowaza, maana hata mimi ndicho nilichokiwaza: huo si ugonjwa wa wazee wenye vitambi? Nina miaka thelathini na kitu na nguo za harusi bado zinanitosha. Lakini nilikuwa nakunywa maji usiku kucha na kutoka nje kila saa, mpaka mama akasema kesho twende hospitali, na mama akishasema hivyo hakuna mjadala. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 12.4. Mtu akifika 7.0 tayari anahesabiwa ana kisukari. Wakarudia kesho yake, ikasoma 11.9. Basi.

Kwa hiyo nina kisukari, hilo halina ubishi tena. Ninachosubiri ni kujua kimenifikisha wapi. Damu ilichukuliwa kwa ajili ya figo na kwa kile kipimo cha wastani wa sukari, HbA1c, ikapelekwa mjini. Nimeambiwa nisubiri simu, siku tano mpaka saba. Leo ni ya nne. Na wewe msomaji wangu kama umewahi kusubiri majibu ya chochote, yawe ya mimba, ya virusi au ya usaili wa kazi, unajua siku hizi zilivyo ndefu.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Mimi na mume wangu tulishakubaliana: mwaka huu tunatafuta mtoto wa pili. Jina tulishalichagua. Daktari akaniuliza taratibu kama nina mpango wa kuzaa, nikamwambia ndiyo. Akasema, "Tusubiri kwanza hicho kipimo." Sababu ni kwamba viungo vya mtoto, moyo na uti wa mgongo, hujengeka katika wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi kabla mama hajajua kama ni mjamzito. Sukari ikiwa juu wakati huo, hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na kasoro huongezeka. Mwenye kisukari anashauriwa ashushe HbA1c mpaka chini ya 6.5 kwanza, kama anaweza kufika huko bila sukari kushuka kupita kiasi, aanze vidonge vya asidi ya foliki, na dawa zake zote zikaguliwe, ndipo watafute mtoto. Kwa hiyo namba itakayosomwa kwenye hiyo simu ndiyo itakayotuambia kama ni mwaka huu au tusogeze.

Ngoja nikueleze kipimo chenyewe, maana kukielewa ndiko kulikonituliza. Sukari iliyoko kwenye damu hunata kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo huishi kama siku 120. Ukipima ni kiasi gani kimenata, unapata picha ya miezi miwili mitatu iliyopita. Kwa hiyo huwezi kukidanganya kwa kula vizuri jana. Ila mtu mwenye upungufu wa damu au selimundu amwambie daktari mapema, maana kwake namba inaweza kupotosha. Sasa fikiria: damu yangu ilishatoka mkononi. Nikikesha nalia au nikilala fofofo, namba ni ile ile. Ninachokula na kufanya wiki hii kitaonekana kwenye kipimo kijacho, baada ya miezi mitatu. Hicho ndicho kilicho mikononi mwangu. Nimejiambia hivyo kila asubuhi, na siku nyingine nakubali.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakisubiri simu, na nakiandika hapa kwa ajili ya yeyote aliye kama mimi. Ukianza kutapika, tumbo likauma, ukahema kwa nguvu, pumzi ikanukia kama matunda, au ukachanganyikiwa, usingoje majibu ya mtu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kwangu walipima ketoni kwenye mkojo siku ile ile, hazikuwepo, ndiyo maana nikarudi nyumbani na vidonge vya metformini, navinywa na chakula kwa sababu vinasumbua tumbo. Kuhusu aina, kama ni ya kwanza au ya pili, daktari alisema kwa mtu mwembamba wa umri wangu wataendelea kuangalia jinsi vidonge vinavyofanya kazi. Na hilo nalo linasubiriwa.

Mume wangu yuko Dar. Nilipompigia alikaa kimya, kisha akasema, "Pole mke wangu, tutapambana." Usiku huo akaingia mtandaoni. Kufika asubuhi nina meseji kumi na nne: mdalasini, kufunga siku tatu, picha ya mguu ambayo sitaisahau. Yaani alikuwa anaogopa kuliko mimi, na woga wake wote ukawa unaingia kwenye simu yangu. Nikampigia, tukawekeana masharti mawili. La kwanza, hakuna habari za kisukari baada ya saa tatu usiku. La pili, kila swali linaandikwa kwenye daftari moja, tunampelekea daktari pamoja. Mpaka leo yapo kumi na moja. La kwanza ni lake: "Je, hili ni kwa sababu ya chai yake ya vijiko vitatu?" La kumi ni langu, na sikumsomea kwenye simu: "Je, nikishindwa kuzaa tena?" Wapenzi wasomaji, mwenzako akiumwa, usimpelekee kila unachosoma. Muulize amekula nini na amelalaje.

Na wageni! Hapa kijijini habari haifichiki. Wanakuja wanakaa ukumbini kama msibani. Shangazi mmoja kaleta majani ya mlonge, kaniambia nitupe vidonge. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, mlonge tukaupika mboga na vidonge nikameza. Mwingine akasema wazi, "Utakatwa mguu." Ilinichoma. Lakini nimeshaelekezwa jinsi jambo hilo linavyotokea: sukari ikiwa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu ya miguu hufa ganzi, mtu anachomwa na mwiba hajui, kidonda kinaoza. Kwa hiyo sitembei pekupeku, na huku kwetu miiba haikosi, na kila usiku naangalia nyayo na katikati ya vidole. Dakika mbili tu. Woga uliopewa kazi ya kufanya unapungua.

Mama naye alianza kunipikia sufuria yangu peke yangu, kama mgonjwa wa kutengwa. Nikamwambia, mama, tule chungu kimoja. Chakula cha kwetu hakina ubaya mkubwa: ugali wa uwele au mtama usiokobolewa una nyuzinyuzi kuliko sembe, na mlenda ni mboga ya majani. Kilichobadilika ni vipimo. Nusu ya sahani mboga, robo maharage au kuku, ugali wenyewe kama ngumi yangu. Soda nimeaga, maana chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Zabibu nakula chache, nazihesabu, na binti yangu ananisaidia kuhesabu.

Kipo kitu kingine nilichokifanya wakati nasubiri, na hakikuhitaji kungoja simu: macho. Ukigundulika na kisukari cha aina ya pili unatakiwa ukaguliwe macho tangu mwanzo, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa ulikuwepo kimya kimya kwa miaka. Hospitali ya Mvumi inajulikana mbali kwa kazi hiyo. Daktari wa macho Mwingereza, Allen Foster, alifanya kazi hapa kuanzia miaka ya 1970, na utafiti wake kuhusu surua, upungufu wa vitamini A na upofu wa watoto ulisomwa dunia nzima. Nikawekewa matone, nikakaa nje chini ya mti nikiwa sioni maandishi kwa saa kadhaa, binti yangu akinisomea mabango. Macho yangu ni mazima. Majibu moja mkononi, mengine njiani.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Utafiti wa vijijini uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta karibu mtu 1 tu katika kila 100 nchini kwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012, uliochanganya mijini na vijijini, ukakuta kama 9 katika kila 100 kati ya watu wa miaka 25 hadi 64. Hiyo ni rika yetu, mie na wewe na huyo uliyelala naye. Wengi hawajijui.

Kwa hiyo mwezi huu sina ushauri wa mahaba wala wa mavazi. Nina ombi. Chagueni asubuhi moja, wewe na mwenzako, msinywe chai, nendeni mkapime pamoja. Ni tone la damu kidoleni. Akikutwa nayo mmoja wenu, mwingine awe ameshakaa kwenye benchi lile lile. Mimi wangu nimeshamwambia achukue likizo siku ya kwenda kwa daktari na daftari letu, na basi la Ijumaa ameshakata tiketi. Swali la kumi nitamsomea mwenyewe, akiwa ameketi karibu yangu.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.