Mwenyeji wa Nairobi ni nani?

Muulize mkazi wa Nairobi nyumbani kwao ni wapi. Aghalabu atakutajia Siaya, Machakos, Nyeri au Bungoma, hata ikiwa ameishi jijini miaka thelathini na wanawe wote wamezaliwa humo. Anakolala kila usiku ni “keja” tu. Nyumbani ni “ushago”, anakokwenda kila Desemba na anakotarajia kuzikwa.

Kiswahili kina mtazamo tofauti. Neno mwenyeji limetokana na mwenye na mji. Kwa mujibu wa neno hili, anayekaa mjini si mpangaji bali ni mwenye mji. Isitoshe, mji wenyewe una maana pana: ni makazi ya watu wengi, ni boma la jamaa moja, na katika mji wa mimba ni mahali anapokulia mwanadamu kabla ya kuzaliwa. Katika mwambao, watu waliitwa kwa miji yao: Waamu kwa Lamu, Wapate kwa Pate, Wamvita kwa Mvita, yaani Mombasa. Mji uliwapa jina. Jiji, kwa upande wake, ni neno mji lililokuzwa kwa ukubwa, na yaelekea sisi wa Nairobi tumetosheka na ukubwa huo.

Hali hii haikuzuka yenyewe. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa kibarua wa kupita tu: alivaa kipande shingoni, akapewa nafasi ya kulala, na kazi ikiisha alitakiwa kurudi alikotoka. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, lakini fikra hiyo ilibaki, nasi tukaipokea kana kwamba ni mila yetu. Katika kesi mashuhuri ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, tofauti kati ya nyumba na nyumbani ilijadiliwa kwa kirefu mahakamani. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa iliamua azikwe Nyalgunga, Siaya, wala si Ngong alivyotaka mjane wake, Wambui Otieno.

Wapo watakaonikumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nami nakubali. Hakuna anayemtaka mtu alisahau kaburi la babu yake. Lakini asili ni jambo moja na makao ni jambo jingine, na moyo wa mtu una nafasi ya yote mawili. Tena wapo wasio na ushago wa kurudi. Wanubi wa Kibera, wazao wa askari waliotoka Sudan, wamekaa hapo kwa zaidi ya karne moja, lakini ni mwaka 2017 tu walipopewa hatimiliki ya ekari 288 za ardhi yao. Kwao Kibera ndiyo nyumbani, na walilazimika kulipigania neno hilo.

Madhara ya kujiona wageni yanaonekana. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi. Endapo wengi wao wanajiona wapita njia, nani atapiga kelele kiwanja cha watoto kinaponyakuliwa? Nani atauliza kwa nini wakazi wa Dandora wavute moshi wa taka za jiji zima? Mpangaji anayengoja kuhama hajisumbui kuziba paa linalovuja.

Hapa ndipo walimu wanapohusika. Kwa miaka mingi insha zetu zimewafunza watoto kwamba mashambani ni maskani ya wema na mjini ni pango la wezi. Mtoto aliyezaliwa Kaloleni au Mathare huandika hivyo ili apate alama, huku akiukana mtaa uliomlea. Mwalimu na amwambie aandike juu ya mtaa huo: nani aliupa jina, nani alichimba mtaro, jirani gani huwalisha watoto wa wenzake, maji hukatika kwa nini. Nanyi wanafunzi, mkiulizwa nyumbani ni wapi, msione haya kuutaja mtaa wenu. Mkishautaja kuwa wenu, mtakuwa na haki, na wajibu pia, wa kuuliza unatunzwa vipi.