Simu na ugonjwa wa muhogo: jani moja halitoshi

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia humtia mkulima hasara kimyakimya. Shina la muhogo linaweza kusimama vizuri, kumbe mizizi imeshaanza kuoza. Wengi hugundua siku ya kuvuna, mnunuzi akiwa tayari shambani.

Ndiyo maana programu ya simu iitwayo Nuru imevuta macho ya wengi. Imetengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani, nayo simu humtajia ugonjwa hata pasipo intaneti.

Ugumu uko kwenye jicho la mashine. Jani lina mikunjo, lina juu na chini, tena hutikiswa na upepo. Picha yake ni bapa. Jani lilelile likipigwa picha kwa juu, kwa ubavuni au likielekea jua, hutoa sura tatu tofauti, na kompyuta huona namba za rangi tu. Ili ijue kuwa ni kitu kimoja, hufundishwa kwa picha nyingi za pembe na mwanga tofauti, mpaka ishike alama zisizobadilika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa Nuru ilitambua dalili kwa asilimia 65, maofisa ugani asilimia 40 hadi 58, na wakulima 18 hadi 31. Yalipokaguliwa majani sita ya mmea mmoja, Nuru ilipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Sababu inaeleweka. Batobato huonekana zaidi kwenye majani machanga ya juu, wakati michirizi ya kahawia hujionyesha kwenye majani yaliyokomaa ya chini. Anayepiga picha moja akiwa amesimama wima anaweza kuukosa ugonjwa wa pili kabisa.

Hapo ndipo penye fedha. Pingili zenye virusi zikigawiwa kwa jirani, hasara huhamia shamba la pili msimu ujao. Hata kwa asilimia 88, majibu 12 katika kila 100 hukosewa. Kwa hiyo, kabla ya kukata vipando, ni busara mkulima akague majani ya juu na ya chini ya mimea kadhaa, kisha ang'oe mashina machache na kupasua mizizi. Simu hupunguza kubahatisha, lakini jembe bado ndilo lenye neno la mwisho.