Mkeka si uchawi, lakini mkeka si dawa

Ninyi familia mliofika Lubumbashi kwa kukimbia vita, leo sitazunguka.

Mama mwenye kansa ya matiti anapotoka kwenye kemoterapi, anarudi nyumbani Katuba, Ruashi ao Kampemba akiwa amechoka kama mtu aliyelima siku tatu bila kupumzika. Bukari haipiti kooni. Nywele zinaanguka, usingizi unakataa. Mara nyingi, kisha siku 21 anapaswa kurudi kwa serumu ingine. Katika hizo siku 21, nani anakaa naye? Mwenye dada karibu ana bahati. Aliyekimbia Pweto ao Mitwaba na kupokelewa na jamaa wa mbali anabaki kutazama mabati ya nyumba. Hapo ndipo roho inavunjika, na wazo la kuacha matibabu linaingia.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa kansa ya matiti ulioanza 2021, limeweka lengo kwamba wagonjwa 80 kwa 100 wamalize matibabu yao. Kumaliza kunaomba dawa, ndiyo, lakini kunaomba pia mtu wa kukushika mkono katikati ya serumu na serumu.

Ndiyo maana ninatetea yoga. Msishtuke na jina. Kwa mgonjwa, yoga ni kukaa kwenye kiti ao kikwembe kilichotandikwa chini, kuvuta hewa polepole kwa pua, kuitoa polepole zaidi, kunyoosha shingo na mabega, kupandisha vidole ukutani kidogo kidogo ili mkono wa upande uliopasuliwa usikauke. Mwaka 2018 ASCO, chama cha madaktari wa kansa cha Marekani, kilikubali mwongozo unaotaja yoga na kutuliza mawazo kuwa msaada dhidi ya wasiwasi na huzuni kwa wagonjwa hawa.

Sasa wako wanaopinga. Wa kwanza ni wale wanaosimama kwenye mimbari na kusema yoga ni roho chafu za India. Ninawauliza: wakubwa wetu wenye feza wakienda India kutibiwa, mbona hamsemi dawa ya kule ina mashetani? Mnawaombea safari njema na kuwapokea kwa nyimbo! Lakini mama maskini akinyoosha mikono na kupumua, amekuwa mchawi. Akitaka kusema Zaburi wakati anapumua, nani atamkataza?

Wa pili ni hatari zaidi: wauza unga, chupa na vidonge vya « afya », wanaosema kemo ni sumu, kwa hiyo mama aiache na kununua kwao. Mwongozo uleule wa 2018 unasema hakuna ushahidi wenye nguvu kwamba virutubisho vya kumeza vinapunguza madhara ya matibabu. Na niseme wazi: yoga haiui kansa. Yeyote anayesema utapona kwa kupumua bila kemo ni ndugu wa muuza chupa, hata kama ana cheti ukutani.

Wa tatu ni wakubwa na mashirika wanaopenda picha. Mikeka kumi, fulana za rangi ya waridi mwezi wa kumi, kamera, kisha kwaheri. Mama anabaki bila feza ya dawa wala ya usafiri. Msitupe mkeka mahali pa dawa mnayopaswa kutupa. Mkeka unakuja juu ya dawa.

Inawezekana? Angalieni jirani zetu. Nairobi, katika inchi ya Kenya, tangu 2010 kuna Faraja Cancer Support Trust, iliyoanzishwa na mwanamke aliyepitia mwenyewe kansa ya matiti. Mgonjwa anapata pale mashauri na huduma za kutuliza mwili na roho, huku akiendelea na matibabu ya hospitali. Hakuna anayeambiwa achague kimoja.

Sisi Lubumbashi tunaomba nini? Chumba kimoja karibu na mahali kemo inatolewa. Mtaalamu mmoja wa kinezi, asubuhi moja kwa juma, bila malipo, na mlango wazi kwa mama aliyehama kama kwa mama wa hapa. Makanisa yana majumba yanayolala matupu siku za kazi, toeni funguo. Na serikali ishughulikie bei ya dawa, maana hakuna pumzi inayolipa fakitire.

Kwenu wamama: kabla ya kuanza, ulizeni dokta wenu, zaidi sana kama kansa imefika kwenye mifupa ao kidonda cha upasuaji hakijapona. Kinachouma, acheni. Na mwili ukipata homa ya 38 wakati wa kemo, acheni mkeka, acheni maombi ya usiku kucha, kimbieni hospitali saa ileile.

Na wewe jirani unayesoma haya, unamjua mama mmoja kwenye avenyu yako. Kesho usimpelekee chupa wala unabii. Mpelekee kiti, kaa kando yake, mpumue pamoja. Na siku ya serumu ikifika, msindikize.