Wasee, Tuache Kubeba Watu Kama Gunia

Leo hakuna vichekesho.

Juzi hapo Donholm, Outering, matatu iligonga nduthi. Dere wa nduthi akalala kwa lami akisema hasikii miguu. Kufumba na kufumbua, watu wanne walikuwa wamemshika, wawili mikono, wawili miguu. Mguu wa kushoto nilishika mimi.

Msichana mmoja akaja mbio na sare ya chuo, anasomea huduma ya dharura. "Msimsongeshe! Shingo!" Mzee mmoja akamwambia, "Wewe mtoto, toka hapo, huyu atakufa." Akanyamaza. Sisi huyoo, tukamsukuma jamaa ndani ya Probox.

Baadaye niliongea na huyo msichana. Anajua kazi: unapiga magoti nyuma ya kichwa, unakishika na mikono miwili kisigeuke, unangoja machela. Kwa nini? Mfupa wa shingo unaweza kuvunjika na ile kamba ya neva ndani ibaki nzima. Ukimkunja vibaya, unaweza kuimaliza wewe. Unamhamisha tu kama kuna hatari kama moto au magari, na hata hapo kichwa na mgongo vikae mstari mmoja. Kama hapumui, pumzi kwanza.

Shida ni kwamba hayo yote amefanyia mwanasesere, darasani, kimya. Hakuna mtu alimfunza kuyafanya umati ukimfokea.

Najua mtasema, "dropout anafunza nani?" Sawa, niliacha kampasi mwaka wa pili. Lakini hata mimi najua kupita mtihani si kuwa tayari.

Kwa hivyo vyuo viwalete hawa wanafunzi mtaani. Jumamosi moja kwa stage ya nduthi Kayole, nyingine Umoja. Mmoja wetu alale chini, wengine tupige kelele vile tumezoea. Wao wajifunze kutuamuru, sisi tujifunze kutii. Maanake ajali ikitokea, mikono ya kwanza kufika ni yetu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Na dharura huanza hapo kwa lami, kabla ya geti la hospitali. Seivu 1199, namba ya Red Cross, sasa hivi.

Yule dere bado amelazwa, na miguu haijaamka. Sijui kama ni matatu ilimfanyia hivyo, ama ni mimi.