Mashine Haioni, Fundi Ndiye Anayeona

Ndugu msomaji, Jumapili hii nakuomba tuingie karakana. Wapo wazazi ambao vijana wao wanaosomea ufundi wa mitambo huitaja “CNC” kila jioni, nao huitikia kwa kichwa tu. Wapo pia mafundi wa miaka mingi ambao wakilisikia neno hilo hujiuliza kama bado watahitajiwa kazini. Hofu hiyo si ya kuchekwa, kwani ni kweli kwamba fundi mmoja aweza sasa kuangalia mashine mbili au tatu kwa wakati mmoja.

Mashine yenyewe ni ile ile ya milingi. Kisu huzunguka, na kipande cha chuma kilichobanwa katika jiliwa huchongwa kidogo kidogo hadi kipate umbo. Kilichobadilika ni mkono unaosogeza. Mabadiliko hayo yalianzia Marekani, ambako John Parsons wa jimbo la Michigan alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, yenye mipindo isiyopimika kwa urahisi. Mwaka 1949 alipewa mkataba na Jeshi la Anga, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine ya milingi iliyoongozwa na utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kuuandaa utepe huo kulichosha mno, ndipo Douglas Ross na wenzake chuoni hapo wakabuni lugha ya kompyuta iitwayo APT. Ilipotangazwa mwaka 1959, waandishi wa habari waligawiwa visahani vya alumini vya majivu ya sigara, vilivyochongwa kwa njia hiyo. (Sisi waandishi hatusahau zawadi.)

Siku hizi fundi huanza na mchoro katika kompyuta. Huieleza programu ukubwa wa kipande, aina ya kisu na kina cha kila mkato. Nayo humchorea njia ambayo kisu kitapita. Kisha njia hiyo hutafsiriwa katika lahaja ya mashine inayohusika, maana mashine hazisemi lugha moja kwa usawa. Hutoka mistari mifupi mifupi: G00, nenda upesi bila kukata; G01, nenda moja kwa moja ukikata; G02, pinda kwa kufuata mwendo wa saa; M30, mwisho wa kazi.

Hapa ndipo pana hatari, ndugu msomaji. Kompyuta hujua lile tu ililoambiwa. Kama kibanio hakikuchorwa, picha katika kioo itaonyesha kazi safi kabisa, na huku kisu kinakwenda kukigonga kibanio kwa kasi ya G00. Hukatika kisu, na pengine mhimili ukaharibika. Ndiyo maana fundi mwangalifu huiendesha programu mpya kwanza hewani, juu ya kipande, kidole kikiwa karibu na kitufe chekundu.

Hata kasi haichaguliwi kwa kubahatisha. Chukua kisu cha chuma cha kasi chenye kipenyo cha milimita 10, na chuma laini kinachokatwa kwa mita 30 kwa dakika. Gawanya 30,000 kwa mzingo wa kisu, yaani 31.4, upate mizunguko 955 hivi kwa dakika. Fundi mzee hafanyi hesabu hiyo. Husikia kisu kikilia, akapunguza mwendo. Sikio hilo halimo katika programu, na kijana aliyebobea katika kompyuta hulikosa. Kwa maoni yangu karakana inayomwondoa mzee na kubaki na kijana peke yake imenunua hasara, na ile inayomnyima mzee nafasi ya kujifunza kompyuta haikumtendea haki.

Basi kijana wako akirudi leo, muulize sifuri yake ameiweka wapi, yaani ile nukta ambayo mashine huanzia kupima kila kitu. Akikujibu mara moja, labda kona ya kushoto, juu ya kipande, muwekee chakula. Akisita, mwambie kesho asibonyeze kitufe cha kuanzia kabla hajaipima upya.