Makocha wa vakansi, hesabuni mechi za watoto!

Kila vakansi kubwa ni ileile. Kuanzia Bulengera hapa Butembo hadi Mulekera kule Beni, mashindano ya watoto yanafunguliwa, na mtoto mmoja anayejua mpira anaombwa na timu tatu. Asubuhi anacheza, saa nane anacheza, jioni anaingizwa tena "dakika kumi tu". Akianguka na kushika goti, mnasema amerogwa, ao mifupa yake ni dhaifu.

Hapana. Mtoto huyo amechoka, na nyinyi ndio mmemchosha.

Wamarekani wana besiboli, mchezo wa kurusha mpira mdogo kwa nguvu. Viwiko vya watoto viliharibika, ndipo mwaka 2007 shirika lao la Little League likaanza kuhesabu mirusho. Mtoto wa miaka 10 asirushe kupita mara 75 kwa siku, na akifikisha 66 anapumzika siku 4. Mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na kiungo, hapo ndipo unakulia. Na mwili uliochoka unapoteza mwendo wake: mkono unabeba kazi ya miguu na kiuno.

Kwetu ni goti. Mwangalieni mtoto akitua baada ya kupiga kichwa. Goti lipinde, lielekee mbele pamoja na vidole vya mguu. Likiangukia ndani, mtoeni, hata kama mnafungwa moja kwa bila.

Na msiniambie hatuna vifaa. Mazoezi ya FIFA 11+ yanachukua dakika 20, mpira na mawe machache ya alama: kukimbia polepole, kuchuchumaa, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua. Norway waliyajaribu kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17; matokeo yalitoka 2008, majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Viwanja vyao ni vizuri, ndiyo. Sisi wenye mashimo tunayahitaji kupita wao.

Wazazi mliokimbia Kanyabayonga, Mbau, Eringeti: mtoto wenu anaitwa kwa sababu anacheza vizuri na hana wa kumtetea. Bidoni alizobeba asubuhi nazo zinahesabika. Mna haki ya kukataa mechi ya pili. Goti likipasuka, kocha atarudi na kikombe chake, nyinyi mtabaki kutafuta franka za picha ya radio.

Wenye kupanga mashindano yajayo, andikeni katika sheria: mechi moja kwa siku kwa kila mtoto, daftari moja kwa viwanja vyote. Asiyetaka, awaeleze wazazi hadharani ni nani atakayelipa muganga.